Haijaruhusiwa na Imekatazwa: Lugha ya Kibali katika Kompyuta za Kampuni

Kampuni inapomkabidhi mfanyakazi wake kompyuta au simu ya kazi, humkabidhi chombo chenye mabwana wawili. Mfanyakazi ndiye akishikaye na kukitumia mchana kutwa. Kampuni ndiyo mwenye mali, nayo hubaki na neno la mwisho juu ya programu zipi zitende kazi ndani yake na zipi zisimamishwe mlangoni. Mafundi wa kompyuta walizoea uwezo huu zamani. Lakini aghalabu huuelezea kwa lugha ya mitambo peke yake, ilhali kiini chake ni suala la maneno: ni nini kimeruhusiwa, ni nini kimekatazwa, na, lililo gumu kuliko yote, ni ipi hukumu ya kitu ambacho hakijatajwa bado na mtu yeyote.

Yafaa basi jambo hili lichunguzwe kwa pande mbili. Kwanza, namna udhibiti huu unavyofanya kazi. Pili, namna Kiswahili kinavyoweza kuueleza kwa usahihi. Pande hizi hazitengani. Sarufi ya Kiswahili inatofautisha hali ambazo ujumbe wa kompyuta umezoea kuzichanganya, na mchanganyiko huo huleta hasara isiyokuwa ya lugha tu.

1. Soko na nyumba

Kuna njia mbili za kulinda mahali. Sokoni kila mtu huingia, na anayezuiwa ni yule tu aliyekwisha kujulikana kuwa mwizi. Nyumbani mambo ni kinyume. Mgeni husimama nje akapiga hodi; asipoitikiwa "karibu", hata baada ya hodi ya tatu, hurudi alikotoka. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtukana. Kimya cha wenyeji chatosha kuwa jibu. Sokoni kimya ni ruhusa, nyumbani kimya ni zuio. Mengine yote katika udhibiti wa programu ni matawi ya tofauti hiyo moja.

Njia ya soko ndiyo iliyotumiwa kwanza na programu za kupambana na virusi vya kompyuta. Huwekwa orodha ya programu zijulikanazo kuwa mbaya, na kila isiyomo huachwa ipite. Udhaifu wake haukutokana na uvivu wa waandishi wa orodha. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Fred Cohen, alionyesha kwa hoja za hisabati kwamba haiwezekani kutunga utaratibu mmoja utakaotambua kila kirusi bila kukosea. Orodha ya wabaya, kwa hiyo, haiwezi kukamilika hata ikiandikwa na mwenye bidii namna gani, maana ubaya mpya hutungwa kila siku.

Njia ya nyumba ilitetewa kwa ufasaha mwaka 1975 na Jerome Saltzer na Michael Schroeder katika makala yao mashuhuri juu ya ulinzi wa habari katika mifumo ya kompyuta. Walishikilia kwamba uamuzi wa kumpa mtu njia usimame juu ya ruhusa iliyotolewa, usisimame juu ya kutengwa kwa wachache. Nao walitaja kuwa fikra hiyo ilikwisha kutolewa na E. Glaser mwaka 1965. Hoja yao yastahili kukumbukwa. Katika mfumo wa ruhusa, kosa likitokea, mtu mwenye haki hunyimwa, hulalamika, na kosa hurekebishwa upesi. Katika mfumo wa kutenga, kosa likitokea, mtu asiye na haki hupita kimya kimya, na huenda lisigunduliwe kabisa. Kosa la kwanza lina sauti; la pili ni bubu.

Taasisi za serikali zimeifuata hoja hiyo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mzima juu ya jambo hili mwaka 2015, na idara ya Australia inayoshughulikia usalama wa mawasiliano iliweka udhibiti wa programu miongoni mwa hatua nane za msingi ilizozitangaza mwaka 2017.

2. Mlinzi humtambuaje mgeni?

Kuamua kwamba wasioitikiwa wasiingie ni rahisi. Kazi iko katika kumtambua anayeitikiwa. Mfano ufaao ni AppLocker, chombo kilichotolewa na Microsoft pamoja na Windows 7 mwaka 2009 ili kuchukua nafasi ya kanuni za zamani zilizokuja na Windows XP mwaka 2001. Chombo hiki huitambua programu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mahali ilipo. Msimamizi husema kwamba kila programu iliyomo katika folda fulani iruhusiwe. Kanuni za awali huruhusu folda ya Windows na folda ya programu zilizosimikwa, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hana mamlaka ya kuandika humo. Njia hii ni nyepesi, lakini yafanana na kumwamini mtu kwa sababu amekutwa barazani. Ndani ya folda ya Windows zimo folda ndogo ambazo mtumiaji wa kawaida aweza kuandika ndani yake. Msimamizi asipozifunga, mlango wa nyuma umebaki wazi.

Njia ya pili ni sahihi ya mtungaji. Kampuni itungayo programu huitia sahihi ya kidijiti, ambayo kompyuta yaweza kuihakiki. Msimamizi aweza kuruhusu programu zote za mtungaji fulani, au kupunguza upana wa ruhusa hadi bidhaa moja, faili moja, hata toleo moja. Njia hii hustahimili mabadiliko, maana toleo jipya lenye sahihi ile ile hupita bila kanuni kuandikwa upya. Walakini si kila programu ina sahihi, hasa zile zilizotungwa na fundi wa ofisini kwa haja ya ofisi yenyewe.

Njia ya tatu ni alama ya hesabu. Kompyuta huyapitisha maagizo yote ya programu katika hesabu maalumu na kupata alama moja. Ile iitwayo SHA-256 ina biti 256, nayo huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Ikibadilishwa biti moja tu ya maagizo yale, alama yote hugeuka. Hakuna utambuzi ulio mkali kuliko huu, wala ulio na taabu kuliko huu, kwani kila programu inapopata toleo jipya huwa mgeni asiyejulikana, na ruhusa yake hutakiwa kuandikwa tena.

AppLocker ina tabia moja ambayo huwashangaza wasimamizi wengi. Maadamu hakuna kanuni yoyote iliyoandikwa kwa aina fulani ya faili, faili zote za aina hiyo huruhusiwa. Inapoandikwa kanuni ya kwanza, hali hupinduka: tangu hapo hakiruhusiwi ila kilichotajwa kwa ruhusa. Msimamizi aliyekusudia kukataza mchezo mmoja tu, akaandika katazo lake bila kuandika ruhusa kwa zilizosalia, hujikuta amezizuia zote. Alidhani yuko sokoni, kumbe ameshahamia nyumbani. Kwa sababu hiyo chombo hicho kina hali ya ukaguzi, ambapo hakizuii kitu bali huandika katika daftari lake kila programu ambayo ingalizuiwa. Msimamizi mwenye busara huiacha hali hiyo kwa majuma kadhaa, akalisoma daftari, akaandika ruhusa zinazostahili, ndipo akaufunga mlango.

3. Simu na mpaka wa milki

Katika simu suala la mabwana wawili huwa zito zaidi, kwa kuwa simu moja yaweza kubeba kazi na maisha ya mtu pamoja. Simu ikiwa ni ya kazi tupu, duka la programu la Google lililotengwa kwa ajili ya kampuni huonyesha zile tu ambazo kampuni imezikubali. Kwa simu za Apple zilizowekwa chini ya usimamizi kamili, tangu toleo la iOS 9.3 la mwaka 2016 kampuni yaweza kutaja programu zitakazoonekana au zitakazofichwa.

Kwa simu yenye matumizi mawili, Android ilileta utengano wa ndani: upande wa kazi una programu zake na hifadhi yake, na upande wa mtu binafsi una zake. Kampuni hutawala upande wa kwanza. Simu ikiwa mali ya kampuni, msimamizi aweza pia kuweka mipaka katika upande wa pili, na hapo hutakiwa kuchagua njia ya soko au njia ya nyumba: ama ataje zilizokatazwa na kuziacha nyingine zote, ama ataje zilizoruhusiwa na kuzizuia nyingine zote. Ni chaguo lile lile, lakini hapa huingia katika nyakati ambazo mfanyakazi hayupo kazini.

4. Mlinzi naye ni binadamu

Isidhaniwe kwamba orodha ya ruhusa ni kinga isiyopenyeka. Programu halali zinazokuja na Windows yenyewe, kama vile PowerShell, zina uwezo wa kutekeleza maagizo ya programu nyingine. Mhalifu hazihitaji silaha za kigeni iwapo aweza kutumia panga la mwenye nyumba. Vile vile, ruhusa iliyotolewa kwa sahihi ya mtungaji ina nguvu sawa na uaminifu wa mtungaji huyo, wala haizidi.

Jambo hilo la pili lilidhihirika kwa uchungu Februari 2013. Bit9, kampuni ya Marekani iliyouza hasa chombo cha kuruhusu programu zinazoaminika tu, ilitangaza kwamba wahalifu waliingia katika mtandao wake, wakatumia hati yake ya sahihi kutia sahihi programu zenye madhara, na programu hizo zikafika kwa baadhi ya wateja wake. Kampuni ilieleza sababu bila kuficha: kompyuta chache za mtandao wake zilikuwa hazikusimikwa chombo chake yenyewe. Waswahili husema, mganga hajigangi. Njia ya ruhusa haikushindwa kwa kuwa ni mbaya. Ilishindwa mahali ambapo haikutumiwa.

5. Rangi za orodha

Kwa muda mrefu mafundi wa Kiingereza waliziita orodha hizi kwa rangi: nyeupe kwa zilizoruhusiwa, nyeusi kwa zilizokatazwa. Mwaka 2020 kituo cha Uingereza cha usalama wa mitandao kilitangaza kuyaacha majina hayo na kutumia maneno yenye maana ya kuruhusu na kukataa, kwa hoja kwamba si haki kuufanya weupe kuwa wema na weusi kuwa ubaya.

Watumiaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuyaacha. Istilahi "orodha nyeupe" ni tafsiri ya neno kwa neno, na maana yake haitambuliwi na asiyekijua Kiingereza. Zaidi ya hayo, humpotosha. Karatasi nyeupe ni karatasi isiyoandikwa kitu; na katika mazungumzo ya siku hizi mtu akisemwa kuwa ni mweupe kichwani, maana yake hajui lolote. Kwa msikilizaji wa namna hiyo "orodha nyeupe" ingekuwa orodha tupu, yaani orodha isiyoruhusu chochote. Istilahi iliyokusudiwa kutaja ruhusa ingekuwa imetaja kinyume chake.

Majina "orodha ya ruhusa" na "orodha ya makatazo" hayana matatizo hayo. Yaeleza yenyewe, na yafungua njia ya kutenga maneno jamaa ambayo hutumiwa ovyo. Ruhusa yaweza kuwekwa kuwa hali ya programu ndani ya chombo. Idhini kuwa ridhaa ya mwenye mamlaka. Na kibali kuwa hati au kumbukumbu inayothibitisha kwamba idhini ilitolewa. Msimamizi hutoa idhini, huandika kibali, na programu hupata ruhusa.

6. Sarufi ya zuio

Lakini suala kubwa liko katika ujumbe unaomfikia mtumiaji. Ujumbe wa Windows, ukifasiriwa kutoka Kiingereza, husema kwamba programu imezuiwa na msimamizi wa mfumo. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayaelezi sababu. Kiswahili chaweza kuisema hali hiyo kwa njia nne, kila moja ikiwa na habari yake.

"Imekatazwa" hutaja tendo lililokamilika. Yuko aliyeiangalia programu hii akatoa hukumu. Kitenzi "kataza" ni hali ya kusababisha ya "kataa". Nyuma yake yumo mtu aliyekataa na kuwataka wengine nao waache.

"Hairuhusiwi" hutaja kanuni ya jumla isiyofungwa na wakati, kama bango lisemalo "hairuhusiwi kupita". Haielezi kama programu hii hasa ilichunguzwa. Husema tu kwamba mambo ya namna hii hapa hayapo.

"Haikuruhusiwa" hutaja tukio lililopita: ombi lilifika, nalo halikukubaliwa.

"Haijaruhusiwa" ni tofauti na zote tatu. Kiambishi -ja- cha ukanushi hakikanushi tendo tu. Hubeba tarajio kwamba tendo laweza kutokea. Asemaye "mgeni hajaja" bado anautazama mlango. Asemaye "mgeni hakuja" amekwisha kuufunga. Kwa hiyo "haijaruhusiwa" haisemi kwamba programu ni mbaya, wala kwamba kuna aliyeikataa. Husema kwamba hakuna aliyeitolea idhini hadi sasa. Hiyo ndiyo hali halisi ya programu isiyotajwa katika orodha ya ruhusa. Mgeni amepiga hodi, hajaitikiwa.

Lugha nyingi hulazimika kuongeza neno zima ili kuitaja hali hiyo. Kiswahili huitaja kwa silabi moja ndani ya kitenzi. Ni hasara kuitupa silabi hiyo kwa ajili ya kufuata umbo la ujumbe wa kigeni.

Hasara yenyewe si ya wanasarufi peke yao. Achukuliwe karani wa kampuni ya wakala wa forodha mjini Mombasa. Mteja amempelekea faili la orodha ya shehena lisilofunguka ila kwa programu ndogo ambayo kompyuta ya kazi haiijui. Anapojaribu kuisimika, ujumbe humwambia kwamba imezuiwa. Mizigo iko bandarini, na gharama za kuihifadhi huongezeka kwa kadiri inavyokaa. Karani akidhani kwamba programu imekatazwa, haoni faida ya kuomba, kwani hukumu imekwisha kutolewa. Hulipeleka faili katika simu yake mwenyewe, huisimika programu huko, na kazi huendelea. Siri za mteja zimetoka nje ya ukuta wote uliojengwa kwa gharama kubwa, na aliyezitoa ni mtu mwaminifu aliyekuwa akitafuta kuitimiza kazi yake.

Lau ujumbe ungalisema, "Programu hii haijaruhusiwa. Kuomba idhini, mwandikie msimamizi," karani angalijua mambo matatu: hakufanya kosa, hukumu haijatolewa, na njia ya kuipata ipo. Programu nayo ikiwa kweli ina madhara, "imekatazwa" ingalimwonya, naye angalijua kwamba kuipeleka katika simu yake ni hatari ile ile iliyohamishwa. Ujumbe mmoja usiotofautisha hali hizi humnyima mtumiaji wa kwanza matumaini na wa pili onyo.

Hapana budi kuongeza kwamba sarufi haitoshi pasipo uaminifu wa taratibu. Kampuni ikiandika "haijaruhusiwa" na maombi yakakaa mezani mwezi mzima bila jibu, -ja- itakuwa ya uongo, na wafanyakazi watajifunza kuisoma kama "hairuhusiwi". Atumiaye kiambishi hiki ameahidi kwamba yupo mtu ndani ya nyumba anayesikia hodi.

7. Kazi iliyosalia

Kompyuta kusema Kiswahili si jambo jipya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na leo simu na kompyuta nyingi huweza kuwekwa katika lugha hii. Kazi ya mwanzo ilikuwa kutafuta majina ya vitu: faili, folda, kitufe, dirisha. Kazi hiyo imefika mbali. Iliyosalia ni kazi ya vitenzi, hasa vitenzi vya mamlaka: kuruhusu, kukataza, kuzuia, kuidhinisha, kubatilisha.

Katika vitenzi hivyo wafasiri hawana budi kuuliza kwanza mfumo umefanya nini hasa, kabla ya kuuliza neno la kigeni lafasiriwaje. Programu iliyomo katika orodha ya makatazo iandikwe "imekatazwa". Aina nzima ya programu iliyotengwa na kanuni iandikwe "hairuhusiwi". Ombi lililokwisha kujibiwa kwa kukataliwa liandikwe "haikuruhusiwa", pamoja na tarehe. Na ile isiyotajwa popote iandikwe "haijaruhusiwa", na chini yake liandikwe jina la ofisi ipokeayo maombi. Watungaji wa istilahi, mafundi na wasimamizi wakikubaliana juu ya maumbo hayo manne, karani wa Mombasa atajua mara moja kama asubiri, aombe, au aache.